Mikoko Yetu, Rangi na Simu
(Hotuba iliyosomwa katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi walimu na wachoraji tulio wanachama twaomba kusema juu ya mikoko ya pwani yetu, tangu Moa hadi Pangani, na namna ya kuwafundisha vijana thamani yake.

Ni dhahiri kwamba kamba na samaki wengi hukulia penye mizizi ya mikoko kabla ya kwenda kilindini. Miti hiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Hata hivyo hukatwa kwa boriti, kuni na mashamba ya chumvi, ingawa sheria hukataza kuikata bila ya kibali. Mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi nchini Iran mwaka 1971 ili kuhifadhi ardhi oevu. Lakini mtoto hasomi mkataba, husoma picha.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alionyesha kwamba ubao na rangi za kawaida zatosha kuwapa wanyama uhai. Leo iko hatua ya pili. Mchoro ukitazamwa kwa kamera ya simu, programu huulinganisha na nakala iliyohifadhiwa, kisha huongeza juu yake sura ziendazo: maji hujaa na kupwa, kamba wadogo hujificha penye mizizi, na mti ukikatwa wote hutoweka. Programu ikiisha kuwekwa simuni, yaweza kufanya kazi pasipo mtandao.

Pengine mtu atauliza: kwa nini watoto wasipelekwe mikokoni? Twajibu: na wapelekwe. Wakaujue mkoko kwa mizizi yake ya matao, na mchu kwa mizizi ya kupumulia iliyosimama topeni kama vijiti. Lakini macho hayaoni yaliyo chini ya maji makuu, wala msitu uliokwisha kukatwa. Hapo ndipo simu hufaa. Na asiye na simu bado ana mchoro ukutani.

Kwa hiyo twauomba mkutano ukubali mambo mawili: ukuta mmoja wa ghala utolewe kwa wachoraji, na simu moja inunuliwe, itumiwe na shule kwa zamu. Gharama ni ndogo, bali hasara ya kukawia ni kubwa; pasipo mikoko ya kulelea kamba, mvuvi hana cha kuleta chamani. Samaki mkunje angali mbichi.