Pampu Yetu na Mafuta ya Ng'ambo

Hotuba ya kamati ya maji mbele ya mkutano wa wanachama

  Jua ni kali na hatutaki kuwachosha, kwa hivyo tutasema lile lililotuleta.

Injini ya dizeli ya kisima chetu imechoka. Fundi ameifungua na kutuambia njia ni mbili: tuibadilishie vyuma vya ndani, ama tununue nyingine. Sisi wa kamati tulikaa mara tatu, tukapiga hesabu, na tunaleta njia ya tatu. Twasema pesa zetu zisiingie tena kwenye injini. Tuweke pampu ya sola. Lakini kisima si cha kamati, ni cha wanachama. Sikilizeni sababu zetu kwanza, halafu mtuunge mkono au mtupinge.

Tuanze na mwaka 2023, maana wengi wetu hatujausahau. Mwaka ule pampu ilisimama, na si kwa sababu iliharibika. Injini ilikuwa nzima. Maji yalikuwa chini tele. Kilichokosekana ni pesa za dizeli. Mwezi Januari 2021 lita moja ya dizeli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 100. Kufika Septemba 2023 ilikuwa karibu shilingi 201. Na sisi huku tunaongeza nauli ya kuifikisha. Kamati ikapandisha bei ya mtungi wa maji pale kioskini. Wenye uwezo walilipa, huku wakinung'unika. Wasio na uwezo hawakunung'unika, waliacha tu kuja. Tuliwaona wakirudi kule mtoni kuchimba mchanga, na watoto wa kike wakifika shuleni jua limepanda, migongo imelowa. Hilo tulilifanya sisi wenyewe, na twalikubali mbele yenu. Lakini tuulize: ni nani aliyetupangia bei ile?

Tufuate lita moja ya dizeli tangu inapotoka. Inanunuliwa ng'ambo, hasa nchi za Ghuba, kwa dola. Inakuja kwa meli hadi Mombasa. Inapita kwenye bomba hadi Nairobi. Inapakiwa kwenye lori, na mwisho inafika kwenye pipa letu. Kila hatua ina mtu wa kulipwa. Serikali nayo inachukua ushuru wake: Julai 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Halafu kuna hiyo dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa karibu shilingi 100, na Januari 2024 ilipita shilingi 160. Mafuta yangeweza kubaki bei ile ile huko yanakotoka, na sisi bado tungelipa zaidi.

Wala si jambo geni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda karibu mara nne. Ikaja 1979, mapinduzi ya Irani, bei ikaruka tena. Ikaja 2022, Urusi ikaivamia Ukreni, ikaruka tena. Vita vinapiganwa mbali, na mama wa hapa ndiye anayekosa maji. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunategemea cha mtu ambaye hata si ndugu.

Kijana mmoja alituuliza juzi: "Si mafuta yalipatikana Turkana? Kwa nini tusingoje yetu?" Swali zuri. Ni kweli, mafuta yalipatikana Lokichar mwaka 2012, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka Mombasa kwa meli. Lakini mafuta ghafi hayawashi injini, ni lazima yasafishwe. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hivyo ghafi ilipelekwa nje, na dizeli hununuliwa nje, kwa bei ya dunia ile ile. Tukingoja hayo, tutangoja na mitungi mitupu.

Sasa, je, kuna mtu aliyewahi kujitoa katika mtego huu? Yuko. Ni nchi yetu wenyewe, upande wa umeme. Wakati wa taabu za miaka ya sabini, Kenya ilitafuta nguvu iliyo chini ya miguu yake. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, ardhi ina joto jingi, na mvuke unatoka kwa nguvu. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981, megawati 15 tu. Watu hawakukata tamaa kwa udogo wake. Mwaka 1985 zilikuwa 45. Mwaka 2014 ziliongezwa megawati 280. Katika miaka ya karibuni mvuke umetoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na ukijumlisha mito, upepo na jua unafika karibu asilimia 90. Mvuke huo hauji kwa meli, na hakuna anayeulipia dola kila wiki.

Lakini tusidanganyane. Nchi ilijifunza kwa kuumia, na sisi tujifunze bila kuumia. Tumeona mambo matatu.

La kwanza: usiegemee mti mmoja. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa, na kwa kuwa umeme mwingi ulitoka kwa maji, nchi ikagawiwa umeme kwa zamu. Hata jenereta za dizeli zikakodishwa kwa haraka. Kuacha mafuta ni vizuri, lakini ukiegemea maji peke yake bado uko hatarini.

La pili: kazi isiachwe nusu. Kule Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuleta umeme ilikuwa haijaisha. Ilisimama ikingoja hadi 2018.

La tatu: zungumza na watu wa mahali. Olkaria ilipopanuliwa, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014. Baadhi yao walilalamika hadi kwa mabenki yaliyokopesha pesa, na ikabidi pande zote ziketi chini na mpatanishi. Maendeleo mazuri yanaweza kumkosea jirani.

Haya basi, turudi kwa kisima chetu. Paneli za sola hupokea mwanga wa jua na kutoa umeme. Umeme unapita kwenye sanduku la kuuongoza na kushuka hadi pampu iliyo ndani ya kisima. Hakuna pipa, hakuna moshi, hakuna mkanda wa kukatika.

Mzee mmoja alisema kwenye kikao: "Na jua likizama, tutakunywa nini?" Mzee wetu, tutakunywa maji ya mchana. Hatuhitaji betri za kuweka umeme, maana betri ni ghali na huchoka mapema. Tunaweka maji. Pampu inajaza tangi lililo juu ya kilima jua likiwapo, na maji yanateremka yenyewe hata saa tano usiku. Ndiyo sababu tangi la pili liko ndani ya hesabu yetu. Bila hilo tangi tutakuwa kama ile mitambo ya Loiyangalani, tumenunua kitu kizuri kinachongoja kipande kilichobaki. Pesa zikikosekana, ni heri tungoje mwezi kuliko kununua paneli na kuacha tangi.

Na siku za mawingu? Maji yatapungua, lakini hayatakatika kabisa kama zilivyokatika pesa za dizeli. Hata hivyo hatutauza ile injini. Tutairekebisha kidogo tu, iwashwe siku za shida. Tukumbuke lile la kwanza: tusiegemee mti mmoja.

Mama mmoja naye akauliza wezi watafanywa nini. Ni kweli, paneli huibwa. Tunapendekeza zifungwe juu ya vyuma virefu, na nati zichomelewe. Tunapendekeza pia zikae karibu na nyumba ya watu, si kichakani. Mahali panapofaa ni shamba la jirani yetu, na bado hajakubali. Hatutaweka chuma hata kimoja kabla ya kukubaliana naye kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Akikataa, tutatafuta pengine. Tusimkosee jirani kwa jina la maji.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Dizeli ilikuwa inatuzuia. Ikiisha, pampu inalala, na kisima kinapumzika. Jua halidai pesa, kwa hivyo mtu anaweza kufikiri maji nayo ni bure, akamwagilia shamba zima kutwa. Kisima kinaweza kukauka. Ndiyo sababu mita itabaki, na mtungi utaendelea kulipiwa. Bei tunataka ishuke, lakini isifike sufuri. Pesa hizo ziwekwe benki kila mwezi, watia sahihi watatu, na hesabu isomwe hapa kila robo mwaka. Paneli nzuri hukaa miaka 20 na zaidi, lakini pampu na lile sanduku huharibika mapema zaidi. Siku hiyo itafika. Tukiwa hatuna akiba, tutaanza tena kuzunguka na kofia mkononi.

Mtatuambia: hata paneli zinatoka ng'ambo. Kweli kabisa, wala hatufichi. Tofauti ni kwamba paneli unainunua mara moja, halafu jua ni lako. Dizeli unainunua leo, na kesho, na kesho kutwa, kwa bei ambayo hukuipanga. Vita vikizuka baada ya paneli kuwekwa, maji yatapanda tangini vile vile.

Kuhusu gharama, hatutaki kupamba. Sola ni ghali mwanzoni kuliko kuitengeneza injini. Pesa zilizo katika akaunti hazitoshi. Itabidi tufanye harambee, na wale wasio na pesa watoe siku za kazi: kuchimba mtaro wa bomba, kubeba mchanga na kokoto. Tumeomba mafundi watatu watuandikie bei, kila mmoja peke yake. Tulitaka fundi aje apime kina cha maji kabla ya kuuza chochote, na anayekataa kupima hatutamnunulia. Karatasi zote ziko mezani hapa, aje asome anayetaka.

Kabla ya kuketi, neno moja kuhusu nyumbani. Mafuta ya taa nayo yanatoka kwenye meli ile ile, na mwaka ule wa 2023 yalipita shilingi 200 kwa lita. Hata gesi ya mtungi ni ya ng'ambo. Lakini jiko la kauri ni la kwetu, mafundi wetu wamelitengeneza tangu miaka ya themanini, na hula makaa machache. Mwenye ng'ombe wa zizini anaweza kupika kwa gesi ya samadi. Na taa ndogo ya sola inamtosha mtoto kusoma bila kuvuta moshi wa koroboi. Kila nyumba ianzie pale inapoweza.

Wazee, akina mama, vijana, sisi tumemaliza. Ulizeni maswali, hata yale makali. Kisha mwenyekiti ataomba mikono juu. Anayetaka injini aseme wazi, na anayetaka sola aseme wazi. Lakini yeyote atakayepiga kura aifikirie ile siku tuliyopandisha bei ya mtungi, na wale walioondoka kioskini kimya kimya. Wengine wao wako hapa leo. Tungependa wazungumze wa kwanza.