Unadhifu wa Mtumishi Katika Nchi ya Udongo Mwekundu: Mavazi ya Kazini Kibondo na Kasulu

Mtumishi mpya anayepangiwa kituo Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, hukutana na udongo kabla hajaripoti kwa mkuu wake wa idara. Kiangazi, vumbi jekundu hupanda kwa kila gari linalopita, likatua kwenye kola, kwenye nyusi na ndani ya soksi. Mvua zikianza kunyesha, kati ya Oktoba na Novemba, vumbi lilelile hugeuka tope linaloshika kiatu na kupanda hadi kwenye pindo la suruali. Aliyetoka nyumbani amevaa shati jeupe akapanda bodaboda hufika ofisini na shati la rangi nyingine.

Katika mazingira hayo ndimo unamotakiwa kutekelezwa Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Waraka huo unakataza nguo za kubana, nguo fupi, zinazoonyesha maungo, kaptura, jinzi na nyinginezo zisizolingana na hadhi ya ofisi. Makatazo yake yanafahamika. Kisichozungumzwa vya kutosha ni namna mtumishi wa nyanda hizi anavyoweza kuutii kwa mshahara wa kuanzia, kwa nguo za mtumba, na kwa maji ya kuchota.

Kila mavazi yanapojadiliwa nchini, macho huelekezwa kwa wanawake. Ni mazoea ya siku nyingi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililoanza kutekelezwa Dar es Salaam Januari 1, 1969, likilenga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Juni 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali yake, na wabunge wanawake wenzake wakalipinga jambo hilo. Staha ni jambo la lazima, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Lakini mwananchi aliyetembea tangu alfajiri kutoka kijijini kufuata huduma huudhika zaidi na koti la kazi lisilofuliwa, kandambili miguuni mwa anayemhudumia, au kikwapa kinachotangulia salamu. Huyo ndiye kipimo. Vazi la kazini livaliwe kwa ajili ya anayehudumiwa.

Nguo zenyewe hutoka wapi? Kwa wengi, mtumbani. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua hadi kuiondoa sokoni. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara chini ya mpango wa AGOA, na Tanzania ikalegeza msimamo. Mitumba ikabaki, na hakuna aibu kuivaa kazini. Anayejua kuchagua huwahi belo linapofunguliwa, hugeuza nguo ndani nje, hukagua kwapa, kola na mshono wa makalio, kisha humpelekea fundi cherehani aipunguze kiuno. Rangi ya kahawia, ya kijivu au ya bluu iliyokoza huvumilia vumbi kuliko nyeupe.

Tahadhari moja ni ya kisheria. Nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi haziruhusiwi kwa raia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba wanaozimiliki wazisalimishe. Kwa anayefanya kazi na wakimbizi katika kambi ya Nduta wilayani Kibondo, au Nyarugusu wilayani Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, jambo hili ni zito mara mbili. Watu wa pale walikimbia mtutu wa bunduki Kongo na Burundi. Mhudumu akiwatokea na suruali ya mabaka, hata kama aliinunua kwa bei ya kutupa, anawatonesha jeraha.

Kitenge, kwa upande mwingine, kinastahili heshima zaidi ofisini. Kigoma inajulikana kwa vitenge, na gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, au shati la mikono mifupi kwa mwanamume, huficha vumbi, hudumu, na huwapa kazi mafundi wa hapahapa. Lipigwe pasi tu. Penye pasi ya mkaa, wazoefu huisugua kwanza juu ya jani la mgomba ili iondoe masizi na iteleze. Mgomba haukosekani Kasulu.

Unadhifu wa mwili una mambo yake. Muuguzi mwenye kucha ndefu huhatarisha mgonjwa, kwa kuwa hutoboa glavu na hubeba uchafu usiotoka kwa kunawa haraka. Kuhusu mkorogo, mada hii haina maneno laini: vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinadhuru ngozi na figo. Wanaovitumia ili waonekane nadhifu wanaharibu mwili wao wenyewe. Sabuni, mafuta ya kawaida na nywele zilizochanwa vinatosha kabisa.

Wajibu huu si wa mtumishi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga pale kazi inapohitaji. Bwana shamba anayetembelea mashamba wakati wa mvua anahitaji gambuti na koti la mvua, na haifai kumhukumu kwa kukosa kiatu cheusi kinachong'aa. Kabla ya kuandika barua ya onyo kwa mwenye tope kwenye pindo, wakuu wa idara waangalie kama ofisi ina maji mlangoni, brashi ya viatu, kioo, na chumba cha kubadilishia nguo kwa wanaofika kwa pikipiki. Visipokuwepo, viingizwe kwenye bajeti na vinunuliwe kabla mvua za Oktoba hazijaanza.