Mikono Ikitetemeka, Taja Kazi Unayofanya
Hotuba kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Nyatike, Kaunti ya Migori



Leo nazungumzia zebaki, ile mekyuri mnayochanganya na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu. Mkiichoma, dhahabu hubaki na zebaki hupaa hewani. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Kwa mama mjamzito, humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahausahau, hasira za ghafla. Nyumbani tunasema ni uzee, ni pombe, au amerogwa. Mgonjwa naye akifika kliniki bila kutaja kazi yake, ni vigumu mhudumu kushuku zebaki. Ilhali kipimo cha mkojo kinaweza kuionyesha.

Mjini Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini na watu wakala samaki wa hapo. Ugonjwa wa neva uliripotiwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali ilitangaza chanzo chake mwaka 1968. Miaka hiyo 12 watu waliendelea kuumia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Kenya ilitia saini mwaka 2013, umepewa jina la mji huo.

Sisi pia tuna maji ya kulinda. Mto Kuja huingia Ziwa Victoria, ziwa lile lile wanalovua ndugu zetu wa Homa Bay. Zebaki ikifika kwenye tope, vijidudu huigeuza kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao.

Kwa hivyo nawaomba mambo matano. Usichome zebaki jikoni wala karibu na watoto. Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Usimwage mabaki mtoni. Ukienda kliniki, sema wazi: "Mimi nashika mekyuri." Na watafiti wakija kuomba mkojo au nywele zako, waulize utaletewa majibu lini, kisha ushirikiane nao.

Dhahabu yenu hupimwa kwa mizani kabla ya kuuzwa. Na nyinyi mpimwe pia.