Kijiji Kianze, Nasi Tuunge Mkono

Hotuba ya mgeni wa heshima katika ibada ya shukrani, jubilei ya miaka 25 ya kwaya



Nawapongeza kwa miaka 25 ya uimbaji. Nimeambiwa kwamba sadaka ya jubilei haitanunua sare mpya, bali itakwenda kwenye mradi wa maji kijijini. Huo ni uamuzi mwema. Neno langu kwenu ni moja: mradi unaodumu ni ule ambao wenyeji wameuanza wenyewe.

Tutazame Ukambani. Machakos, Makueni na Kitui zina mito mingi ya msimu. Mvua ikinyesha mto hufurika, kisha maji yote hukimbia, na kiangazi kikifika akina mama huchimba mashimo mchangani wakitafuta debe moja. Mwaka 1978, huko Kola, Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, kikundi ambacho kimejulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga.

Ukuta wa mawe na simiti hujengwa kukingama mto, juu ya mwamba. Mvua huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta. Wakati wa kiangazi utadhani bwawa limekauka, kumbe maji yamo katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyafikii, mbu hawazalii humo, na mchanga wenyewe huyachuja.

Sasa angalieni nani anafanya nini. Wenyeji husaidia kuchagua mahali, maana wazee ndio wanaojua maji hubaki wapi miezi ya ukame. Wenye mashamba ya kando zote mbili za mto hukubaliana. Wanaume kwa wanawake hukusanya mawe, huchota maji ya kuchanganyia simiti, na huchimba matuta ya fanya juu mashambani ili udongo usisombwe ukaziba bwawa. Hiyo ndiyo mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, kama ngwatio ya Wakikuyu na saga ya Waluo. Mfadhili huingia palipopungua: simiti, vyuma na ushauri wa fundi.

Ukuta wa namna hiyo ukipata ufa, mwenyewe yuko papo hapo, na anakumbuka jiwe alilobeba. Lakini wengi wetu tumeona mradi wa aina nyingine: pampu imekufa, ubao wenye jina la mfadhili bado umesimama, na kila mtu anangoja waliouleta warudi kuutengeneza.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutoa shilingi, tumeni watu wakae na wanakijiji na kuwauliza: mmeshaanza nini? Ikiwa hawajaanza, fedha zisubiri wajipange. Sisemi juu ya njaa. Mwenye njaa apewe chakula leo. Nasema juu ya kujenga.

Pili, toeni kile walichokosa, kupitia kamati waliyoichagua wenyewe, na hesabu zisomwe mbele ya baraza. Akina mama wawe kwenye kamati hiyo, si jikoni tu, kwa kuwa ndio wabebao mtungi.

Tatu, rudini. Bwawa la mchanga huenda likahitaji misimu kadhaa ya mvua kabla halijajaa. Msiridhike na picha za siku ya ufunguzi.

Nehemia alipokwenda Yerusalemu, mfalme alimpa barua na miti ya malango. Lakini ukuta ulijengwa na wenyeji, na wengine wao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Mti wa mfalme ulihitajika, ila haukutosha bila mikono ya watu.

Nanyi wanakwaya mnalijua jambo hili. Hakuna mgeni awezaye kuwaimbia soprano, alto, tena na besi zenu. Anaweza kuwanunulia kinanda, lakini mazoezi ni yenu. Kwa miaka 25 mmekuja mazoezini mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nendeni kijijini na moyo huohuo, mkawatafute walioanza kubeba mawe, nanyi mbebe pamoja nao.

Mungu awabariki, na hongereni sana kwa jubilei.