Matatizo ya Ulaji ni Ugonjwa, si Maringo: Yanayotokea Ndani ya Ubongo

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii



Kuna ugonjwa ambao katika nyumba nyingi hauitwi ugonjwa. Msichana anaacha kula, watu wanasema anaringa. Mvulana anajinyima chakula na kufanya mazoezi hadi anaishiwa nguvu, watu wanamsifu kwa bidii. Mwingine anakula kwa siri kisha anajitapisha, na akigunduliwa anaambiwa ana tabia mbaya au amerogwa. Madaktari huyaita haya matatizo ya ulaji. Mada ya leo ni jinsi yanavyoathiri ubongo, na kwa nini matibabu hayapaswi kucheleweshwa.

Kwanza, majina. Anoreksia ni hali ya mtu kujinyima chakula hadi anakonda kupita kiasi, huku akiendelea kuogopa kunenepa. Daktari William Gull wa London aliupa ugonjwa huo jina katika miaka ya 1870. Bulimia ni kula chakula kingi kwa mkupuo kisha kukitoa, mara nyingi kwa kujitapisha. Daktari Gerald Russell, pia wa London, aliieleza mwaka wa 1979. Aina ya tatu ni kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, na bila kujitapisha baadaye.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mwili ukiwa umetulia, ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Chakula kikikosekana kwa muda mrefu, ubongo nao huumia.

Mwaka wa 2022 watafiti wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, walichapisha uchambuzi wa picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Picha zilikaribia 2,000, za watu wenye anoreksia, wanaoendelea kupona na wasio na ugonjwa huo. Kwa wagonjwa, gamba la nje la ubongo, ambalo hutumika katika kufikiri na kuamua, lilikuwa jembamba zaidi. Sehemu kadhaa za ndani pia zilikuwa ndogo. Tofauti hizo zilikuwa kubwa mara mbili hadi nne kuliko zile zinazoonekana katika magonjwa mengine ya akili, kama vile sonona.

Lakini utafiti huo ulitoa pia habari njema. Kwa wagonjwa walioanza kurudisha uzito, tofauti hizo zilikuwa ndogo zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo inaweza kurekebika mgonjwa anapopata lishe na matibabu mapema.

Wengi huuliza: je, ubongo ndio ulioleta ugonjwa, au ugonjwa ndio uliobadilisha ubongo? Picha pekee haziwezi kutoa jibu kamili. Kurithi huchangia, na wasiwasi, dhihaka kuhusu mwili na shinikizo la kukonda huchangia pia. Hata hivyo, inajulikana wazi kuwa njaa yenyewe hubadilisha akili. Kati ya mwaka wa 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya nzuri walijitolea katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakapunguziwa chakula kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wengi wao wakawa na huzuni, wakajitenga na wenzao, wakawa wanawaza chakula mchana kutwa. Hawakuwa na anoreksia walipoanza. Njaa ndiyo iliyowafikisha hapo.

Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "kula tu, acha jeuri" hakusaidii. Kiungo anachohitaji ili afanye uamuzi mwema ndicho kilichodhoofika. Na hatari si ndogo: anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi, wengine kwa moyo kushindwa na wengine kwa kujiua.

Mzazi au mwalimu aangalie nini? Mtoto anayekwepa mlo kila mara kwa visingizio. Anayekimbilia chooni punde tu baada ya kula. Anayehisi baridi wakati wengine wana joto, anayepata kizunguzungu au kuzimia. Msichana ambaye hedhi yake imekoma. Mtu asisubiri hadi mgonjwa akonde sana, kwani wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida.

Dalili zikionekana, zungumza naye faraghani, bila kumkaripia wala kutaja umbo lake. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu apimwe na, ikihitajika, apewe rufaa. Akizimia au akilalamikia maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja. Na aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kingi kwa ghafla: madini ya damu yanaweza kushuka na kuhatarisha moyo. Lishe yake irudishwe hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Kwa vijana, tiba inayoshirikisha familia nzima katika kusimamia milo imeonyesha mafanikio.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya akili imo ndani yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Familia yenye mgonjwa wa aina hii haina sababu ya kuona haya, na ikifika kituoni mapema, mtoto wake ana nafasi nzuri ya kupona.