MKATABA WA UMMA KATIKA MJI WA JAMAA

Mazungumzo mbele ya madiwani, masheha, watumishi wa Serikali za Mitaa na wananchi





Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya zabuni na mikataba ya Mabaraza yetu. Wengi hudhani mambo haya ni ya wahasibu na wanasheria peke yao. Sivyo. Mtaro usiopitisha maji, paa la soko linalovuja na taka zilizolala jaani wiki nzima, vyote hivyo mara nyingi vina mkataba nyuma yake, na kila mkataba umepitia mikononi mwa watu tunaowafahamu.

Misingi ya kazi hii imo katika sheria. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria Namba 3 ya Baraza la Manispaa na Sheria Namba 4 ya Halmashauri za Wilaya na Mabaraza ya Miji. Baadaye ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Kwa upande wa ununuzi, ilitungwa Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016. Shabaha ya mpango wa ununuzi ni moja: mamlaka yasirundikane kwa mtu mmoja. Idara inayohitaji kazi hueleza haja yake. Kitengo cha ununuzi hutayarisha nyaraka. Kamati ya tathmini hupima maombi. Bodi ya Zabuni huidhinisha. Na Afisa Masuuli hubeba dhamana ya fedha.

Hata hivyo, ndugu zangu, sheria huandikwa kwa watu wote, nasi tunaishi katika miji midogo. Wete, Mkoani au Chake Chake si mahali ambapo mzabuni huja asijulikane. Mzabuni ni mtoto wa mjomba wa karani, na karani ni mkwe wa diwani. Tumesoma chuo kimoja, tunasali msikiti mmoja na tunazikana. Kwa hivyo, swali la kujiuliza si iwapo mjumbe wa Bodi ana jamaa miongoni mwa wazabuni. Mara nyingi anaye. Swali ni hili: afanye nini siku hiyo?

Nitakupeni kisa kimoja nilichokishuhudia miaka iliyopita, nilipokuwa mjumbe wa bodi ya zabuni katika mji ambao sitoutaja. Kazi ilikuwa mtaro wa maji ya mvua kandokando ya soko. Miongoni mwa wazabuni alikuwamo mkwe wa mwenzetu mmoja. Mwenzetu yule alinyamaza, akakaa kikaoni mpaka mwisho. Nashuhudia kuwa hakumpendelea mkwewe. Bei ya kijana yule ilikuwa ya chini kuliko zote, na vigezo alivitimiza. Tukampa kazi kwa haki.

Lakini mji ulikuwa unajua ule ukwe. Mzabuni aliyeshindwa akaleta malalamiko, na tulipofungua daftari la kumbukumbu za kikao hatukukuta hata mstari mmoja unaoonyesha kuwa mwenzetu alitamka uhusiano wake. Tukakosa la kujitetea. Zabuni ikafutwa, ikatangazwa upya, na masika ikaingia kabla mtaro haujachimbwa. Maji yakaingia madukani, unga na sukari za watu vikaharibika. Mwenzetu hakula hata shilingi moja, lakini ukimya wake uliwatia hasara wafanyabiashara wadogo ambao hawakuwa na kosa lolote.

Funzo ninalolichukua ni kuwa haki iliyotendwa gizani haina shahidi. Laiti angesema mwanzoni mwa kikao, "Huyu ni mkwe wangu, naomba nitoke," na katibu akaandika jina lake na saa aliyotoka, mkwewe angepata kazi ile bila ya doa, na mtaro ungekwisha kabla ya mvua. Kutoka nje ya kikao si kumtupa jamaa yako. Ni kumlinda. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema heshima nayo hupotea vivyo hivyo.

Kutokana na hayo, nina mambo matatu ya kukuombeni.

Kwanza, kila kikao cha Bodi na cha kamati ya tathmini kianze kwa kutaka wajumbe watamke maslahi yao, na majibu yaandikwe, hata pale ambapo wote wamesema hawana. Atakayetamka asisutwe wala asicheshwe. Ametimiza wajibu.

Pili, kazi moja isikatwe vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachotaka ushindani. Ukarabati wa soko moja ukigeuzwa hati tano ndogo za ununuzi, wananchi huwa wamenyimwa bei ya ushindani, hata kama kila hati imetiwa saini barabara.

Tatu, tusidhani kazi imekwisha mkataba unapotiwa saini. Hapo ndipo inapoanza. Msimamizi afike kwenye eneo la kazi, apime kina cha mtaro na unene wa zege, ndipo aidhinishe malipo. Hati ya kukamilika kwa kazi isitolewe mezani kwa kupigiwa simu.

Nanyi wananchi na Waheshimiwa Masheha, msingoje mpaka uchafu ufurike. Kazi inapoanza katika shehia yenu, ulizeni kwa adabu: mkandarasi ni nani, mkataba ni wa fedha kiasi gani, unamalizika lini, na kazi inatoka wapi hadi wapi. Mtumishi mwenye majibu hatokasirika. Na palipo na dalili ya rushwa, nchi yetu ina vyombo vyake: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi, na Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma iliyoundwa kwa Sheria Namba 4 ya 2015. Pelekeni taarifa za kweli, si fitina.

Kwa kumalizia, udugu wetu ni neema, wala hakuna sheria inayotutaka tuukane. Tunachotakiwa ni kuutaja mapema, kuuandika, kisha kumpisha asiye na uhusiano aamue. Tukifanya hivyo, hata atakayekosa zabuni ataondoka akiwa ameridhika kuwa amepimwa kwa mizani sawa na mwenzake.