Vijana Waliojibiwa Kabla ya Kuuliza



Katika riwaya zetu nyingi za makuzi, kijana hajapata hata nafasi ya kujiuliza yeye ni nani, na tayari watu wazima wamekwisha kumjibu. Mapambano yake ni kujinasua kutoka kwenye jibu hilo, na mara nyingi hujinasua vibaya.

Nianze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Tuko Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Rosa anaandikiwa barua na mvulana. Zakaria, baba yake, mlevi asiyeitunza nyumba yake, anaigundua na kumpiga vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume wote, lakini hakuna aliyemfundisha kumtambua mwema na laghai. Akiwa chuo cha ualimu Morogoro, fimbo ya baba haimfikii tena, na ndani ya moyo wake hakuna kilichojengwa isipokuwa ile hofu. Inapomtoka, anabaki bila kinga.

Wasomaji wengi husema uhuru ulimharibu. Napinga kwa nguvu zangu zote. Uhuru ulimkuta binti ambaye hakuwahi kuachiwa aamue jambo, akosee, kisha arudi nyumbani asikilizwe. Na riwaya yenyewe ilipigwa marufuku shuleni! Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini bado inaniuma, kwa sababu wakubwa walikitendea kitabu kama Zakaria alivyoitendea barua.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anamweka Maimuna ndani ya nyumba ya Maksuudi, tajiri anayeheshimika hadharani na kufanya maovu faraghani. Binti anafungiwa, hasomi shule, hajui mitaa ya mji wake. Kinacholindwa pale ni jina la baba. Ndiyo maana Maimuna akitoroka anawaangukia watu wa kwanza wanaomchekea, na wao wanamtumia.

Yusuf wa Abdulrazak Gurnah yuko mbali kidogo na hawa wawili. Paradise ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa jina la Peponi. Mtoto wa miaka 12 anaondoka na mfanyabiashara Aziz, akiamini ni ndugu wa familia. Ni Khalil, naye rehani kama yeye, anayemweleza ukweli: baba yake anadaiwa, na deni hilo limelipwa kwa mwanawe. Hebu fikirini mtoto anayejua thamani yake kwa hesabu ya duka!

Mwishoni Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, watu wale wale wanaoiteka nchi. Wanafunzi hukasirika wanapofika hapo. Hasira yao naielewa, lakini nawaomba watazame nyuma: huo ni miongoni mwa maamuzi machache sana aliyoyafanya bila kuamriwa, na njia zilizokuwa wazi mbele yake zilikuwa mbaya zote.

Kwa hiyo ninapofundisha riwaya hizi siku hizi, mjadala hauanzi na tabia ya Rosa, Maimuna au Yusuf. Tunaanza na Zakaria, Maksuudi na baba aliyemweka mwanawe rehani, na swali langu kwa darasa ni moja: nani kati yao aliwahi kukaa na mtoto wake akamsikiliza?